Zamu ya Kuita

Mume wangu hajui kuongea, na nasema hivyo bila kumsengenya kwa sababu yuko hapa hapa ananisikia. Kazi yake ya miaka ishirini na sita ilikuwa kusikiliza. Alikuwa mtu wa redio ya upepo kwenye zahanati, zile redio za kuitana zilizotumika kabla simu hazijafika kila mahali. Zahanati zilikuwa kumi na mbili, zimetawanyika huko na huko, kila moja na redio yake na mtu wake, na yeye alikuwa Kituo Nane. Mpaka leo waliofanya naye kazi wakikutana naye njiani wanamwita Nane. Hata mimi akinichefua namwita Nane.

Niwaeleze kidogo alivyo, maana bila hivyo mtaona nasimulia upuuzi. Ni mtu wa utaratibu. Akiambiwa dawa ni saa mbili, saa mbili kasoro dakika moja ameshika glasi ya maji anakodolea saa macho. Kuna siku alikwenda hospitali kupimwa macho, akaondoka asubuhi, mpaka alasiri hajarudi. Nikamfuata. Nikamkuta kwenye benchi, mgongo wima, mikono magotini, foleni yote imekwisha na wafagiaji wanapitisha ufagio chini ya miguu yake. Nesi alikuwa ameruka jina lake. "Sijaitwa," akaniambia. Nilimshika mkono nikamwingiza kwa daktari mwenyewe, nikiwa nimevimba kwa hasira.

Tabia hiyo aliitoa kazini. Kila asubuhi saa mbili kituo mama, kile cha makao makuu, kilianza kuita kwa orodha: Kituo Moja, unanisoma? Moja anajibu, anataja wagonjwa wake, dawa zilizokwisha, gari analolihitaji. Akimaliza anaitwa Mbili, halafu Tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Wewe hufungui mdomo mpaka uitwe. Redio zile anasema mtu mmoja tu kwa wakati mmoja, ukidakia unamziba mwenzako, na mwenzako huenda ana mama anayetokwa damu. Aliyedakia alikaripiwa pale pale hewani, vituo vyote vikisikia. Mume wangu hakuwahi kukaripiwa hata siku moja, na anajivunia hilo kuliko cheti chetu cha ndoa.

Rafiki yake alikuwa Kituo Tatu. Walisoma mafunzo pamoja, wakalala chumba kimoja miezi sita, wakawa chanda na pete, halafu wakapangiwa zahanati zilizoachana safari ya siku mbili. Kuanzia hapo urafiki wao ukawa wa sauti tupu. Orodha ikiisha, kituo mama kikiwa na roho nzuri, waliachiwa dakika tano za kusalimiana. Kwa dakika hizo tano tano Tatu alijua watoto wetu walipozaliwa, walipoota meno, nani kafeli hesabu. Mimi nimemwona kwa macho siku moja tu, siku ya harusi yetu, mwanamume mfupi mwenye kicheko cha kumpalia. Lakini hewani alikuwa hakosi kuuliza, "Shemeji yangu hajambo? Bado mkali?" Na huyu wangu anajibu kwa sauti ya kazi, "Hajambo. Bado. Ova."

Halafu simu zikaja, idara ikazifunga redio. Kila mtu akaruhusiwa kubaki na yake, maana hazikuwa na kazi tena. Siku ya mwisho kituo mama kiliita orodha yote kama kawaida, na mwishoni Tatu akaomba nafasi. Akasema, "Nane, tusipotezane. Jumamosi saa kumi alasiri, masafa yale yale." Mume wangu akajibu, "Nimekusoma. Jumamosi saa kumi." Basi. Wakazima.

Hiyo ni miaka kumi na miwili iliyopita.

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu ni ya mota, ipo chini ya dirisha, na redio yake ipo kwenye meza ya pembeni, hatua tatu kutoka kwangu. Mota ikizunguka redio inajaa mkwaruzo. Kwa hiyo kila Jumamosi saa kumi kasoro tano ananigusa bega, nami natoa mguu kwenye pedali. Saa nzima. Wateja wangu wanajua, hata bibi harusi aje analia, saa hiyo sishoni. Yeye anavaa shati lililopigwa pasi, anawasha, anaweka sikio. Redio inasema shhh. Kwenye uso wa redio kuna kidirisha chenye sindano ndogo inayopanda mtu akisema, na sindano imelala. Saa kumi na moja anazima, anaandika tarehe kwenye daftari, na mbele yake neno moja: Hakuna. Madaftari yamefika sita.

Mtauliza kwa nini hawakupigiana simu. Siku ile ya mwisho hakuna kati yao aliyekuwa na simu, namba wangepeana ya nini? Baadaye nilimwambia aulizie, watu wa idara wapo, Tatu hajafichwa chini ya kitanda. Akasema, "Akinitaka anajua pa kunipata." Na uso ukafungwa. Nilimjua, nikaacha.

Miaka ya mwanzo alikuwa anangoja kwa furaha. Baadaye akawa anangoja tu. Mwaka huu wa mwisho ndio ulionitisha. Jumamosi jioni hali chakula, anasukuma sahani na kusema ameshiba, ameshiba nini sijui. Mwezi uliopita akaniambia, "Tatu atakuwa amekufa." Kisha akasema, "Au kuna kitu nilimkosea." Hilo la pili liliniuma kuliko la kwanza. Mzee wa miaka sabini anakaa anafukunyua maneno ya miaka kumi na miwili iliyopita, anatafuta ni lipi lilikuwa baya.

Sasa paa letu lilikuwa linavuja, tukawaita mafundi waje Jumatatu kubadilisha mabati. Mlingoti unaobeba waya wa redio umefungwa kwenye paa hilo hilo. Fundi mkuu akamuuliza autoe kwa muda halafu aurudishe? Mume wangu akasema, "Ung'oe. Usiurudishe." Akasema kama mtu anayeagiza misumari. Nilikuwa mlangoni, nikasikia, nikarudi ndani nikakaa kwenye cherehani bila kushona kitu. Kwa hiyo Jumamosi iliyokuwa inakuja ndiyo ingekuwa ya mwisho, na mimi nilijua kwamba mlingoti ukishuka, huyu mtu atashuka nao.

Jumamosi hiyo binti yetu alikuja kula mchana. Ni mwalimu wa fizikia, sekondari, na hajawahi kufika kwetu bila mzigo wa madaftari ya kusahihisha. Tukala, akaondoa vyombo, akatandaza kazi yake mezani.

"Wiki hii nimewapa wanafunzi swali la kuwachokoza," akasema. "Nyota hazihesabiki, nyingi zina sayari zake, na ulimwengu ni wa zamani mno. Ungetegemea huko mahali fulani kuwe na viumbe wengine wenye akili na mitambo. Watu wameelekeza masahani makubwa ya redio angani zaidi ya miaka sitini, wanasikiliza. Hawajasikia kitu cha kuaminika. Kwa nini?"

Mimi nilikuwa natunga uzi. "Kwa sababu hawapo," nikasema. "Nipe kumi kwa kumi nikaendelee na sketi ya watu."

"Wapo wanaosema hivyo, mama, na si wajinga. Kupata uhai ni bahati, kupata akili ni bahati juu ya bahati. Huenda tuko peke yetu."

Mume wangu akavuta daftari moja, akavaa miwani. Akasoma ukurasa mzima kimya kimya, kisha akasema, "Huyu anaona kimya ni kitu kimoja. Si kweli. Mimi nimekaa na kimya maisha yangu yote. Vimya viko vingi."

Binti akaweka kalamu chini. Baba yake alikuwa hajasema sentensi nne mfululizo tangu mwezi uanze.

"Haya baba, nisaidie kusahihisha. Huyu hapa anasema viumbe wakishapata mitambo hawadumu, wanajimaliza kwa vita au kwa kuharibu hewa yao."

"Kituo Kumi na Moja," akasema mume wangu. "Alipewa redio mpya na betri mpya. Siku ya tisa akaunganisha waya kinyume, redio ikatoa moshi. Mwaka mzima hatukumsikia. Alikuwa hewani siku nane tu. Wewe ungewasha redio yako siku ya kumi ungesema Kumi na Moja hakuwahi kuwepo."

"Kabisa. Na huyu anasema ni umbali. Wito unasafiri maelfu ya miaka. Aliyeita anakufa kabla jibu halijarudi."

"Hao ni watu wa stoo ya dawa," akasema, na nikaona mdomo wake unataka kucheka. "Unaomba dawa ya kuhara, inakufikia wagonjwa wameshapona wanaumwa kikohozi."

Binti akacheka mpaka akafuta macho. Akasoma mwingine: labda tunasikiliza masafa yasiyo yao. Hiyo ikawa ya Kituo Tano, ambaye mkewe alipangusa vumbi akazungusha kitufe, naye siku nne nzima akawa anatukana peke yake kwenye masafa mengine kwamba wenzake wamemsusa. Nikasema ndiyo, wake ndio wenye makosa siku zote, hata ya mbinguni. Akasoma mwingine tena: labda wapo na wanatusikia vizuri ila wanajificha, wanaogopa wasichokijua.

"Kituo Mbili," mume wangu akasema bila kufikiri. "Anasikia kila kitu. Hajibu, anaogopa mkaguzi."

Tulikuwa na raha, siwafichi. Sikukumbuka lini nyumba ile ilikuwa na raha hivyo mchana wa Jumamosi. Na labda kwa sababu ya raha hiyo ndiyo nikauliza swali ambalo kwangu lilikuwa la mzaha tu.

"Sasa hao watu wa masahani wanalalamika hawaitwi. Wao wameita?"

Binti akafikiri. "Mara chache sana, mama. Karibu kazi yote ni kusikiliza. Kuita kunahitaji mtambo wenye nguvu kubwa, na wengine wanapinga, wanasema hujui atakayeitika ni nani. Tena kuna mtoto mmoja ameliandika hilo." Akapekua, akalipata daftari. "Anasema, 'Labda kila mahali wana masahani kama yetu, wote wanasikiliza, na kila mmoja anangoja mwenzake aanze.' Nimempa alama zote."

Nilikuwa nimeshaweka mguu kwenye pedali. Nikautoa. Nikamtazama mume wangu, na yeye alikuwa anatazama saa ya ukutani, amenyoosha kola ya shati lake lililopigwa pasi.

"Mzee," nikasema. "Wewe Tatu umewahi kumwita?"

Akanitazama kama nimemuuliza kama amewahi kwenda sokoni bila suruali. "Nimwite vipi? Yeye ni Tatu, mimi ni Nane. Tatu anatangulia. Na yeye ndiye aliyetaja siku na saa."

"Nakuuliza umewahi kumwita au hujawahi?"

"Si zamu yangu."

"Miaka kumi na miwili?"

Binti alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Akautoa, akauliza kwa upole, kama anavyowauliza wanafunzi wake, "Na yeye, baba? Kuna sababu yoyote ya yeye kudhani wewe ndiye wa kuita?"

"Hakuna," akaanza kusema, akasita. Nikaona uso wake unabadilika. "Mwaka ule wa mwisho," akasema polepole, "mkuu wa kituo mama aliugua. Mimi ndiye niliyehamishiwa makao makuu kushika nafasi yake. Miezi mitano niliita orodha mimi. Ile siku ya mwisho pia."

"Kwa hiyo Tatu anavyojua," nikasema, "anayeita ni nani?"

Jamani, mimi hasira zangu ziko karibu, hilo kila mtu analijua. Lakini hasira ya saa ile sijawahi kuipata kabla wala baada. Saa mia sita na zaidi nimezima cherehani yangu. Watu wazima wawili, wenye akili zao na vyeti vyao, kila mmoja ameketi kwake na shati safi, anamngoja mwenzake kwa heshima. Nilitaka kumrushia mkasi.

Saa kumi ikafika. Akakaa, akawasha. Shhh. Sindano imelala.

"Haya," nikasema. "Ita."

Akachukua maiki. Kidole kikafika kwenye kitufe, kikabaki hapo.

"Kama sijamwita," akasema bila kugeuka, "kunyamaza kwake hakuna maana yoyote. Nikimwita asipojibu, nitakuwa nimejua."

Hapo hasira yote ikaniisha, nikabaki na huruma. Lakini huruma haimwiti mtu. Nikamnyang'anya maiki, nikabonyeza.

"Kituo Tatu," nikasema, "mimi si mtu wa redio, mimi ni shemeji yako. Rafiki yako yuko hapa miaka kumi na miwili anangoja umwite. Kama umenuna, sema umenuna. Kama umehama, sema. Kama umekufa..." Hapo nikakwama. Nikasimama tu na maiki mdomoni, na mume wangu akaleta mkono wake, akanitoa kidole kwenye kitufe taratibu.

"Ukikishikilia hatuwezi kumsikia," akasema.

Redio ikasema shhh. Binti amesimama nyuma yetu. Nilihesabu kimoyomoyo mpaka arobaini nikapoteza hesabu. Kisha sindano ikaruka.

Sauti ilikuwa kubwa mno, ya mtu anayepiga kelele ng'ambo ya mto. "Kituo Nane, Kituo Nane, hapa Kituo Tatu. Sindano yangu imepanda. Nimeiona kwa macho yangu imepanda. Nane, masikio yangu yamekufa, huu mwaka wa tatu, sisikii hata radi. Lakini kila Jumamosi nakaa naitazama sindano. Kama ni wewe, bonyeza mara mbili. Ova."

Mume wangu akabonyeza mara mbili.

Sauti iliporudi ilikuwa imepasuka katikati. "Nimekungoja uniite, mkubwa. Nilidhani umepanda cheo ukatusahau. Ova."

Basi huyu mtu wangu asiyejua kuongea akashika maiki kwa mikono miwili, akaongea. Alimwambia kila kitu. Watoto, magoti yake, wajukuu, paa, mlingoti, madaftari sita, jinsi alivyodhani amemkosea. Alisema mambo ambayo hata mimi nilikuwa siyajui. Alisema kwa dakika kumi nzima, kwa mtu asiyesikia neno hata moja, na alijua kwamba hasikii. Alipoachia kitufe alikuwa anatweta.

"Naiona inacheza," Tatu akasema. "Sijui unasema nini, Nane. Endelea tu."

Akaendelea. Mimi nilikuwa nimefunika uso kwa sketi ya mteja. Nilikuwa nalia, na huku nalia nikawa napiga hesabu: kumi na mbili toa tatu. Miaka tisa masikio ya yule mwanamume yalikuwa mazima, yamewekwa kwenye redio kila Jumamosi, na kulikuwa hakuna kitu cha kuyazuia isipokuwa kitufe kimoja. Hilo sijalisamehe mpaka leo. Nimemwambia mume wangu hivyo, na yeye amesema hata yeye hajalisamehe.

Mwishoni Tatu akasoma namba ya simu ya mjukuu wake, binti akaiandika nyuma ya daftari la yule mtoto wa alama zote. Siku hizi wanaandikiana ujumbe. Lakini kabla hajafunga siku ile aliuliza jambo moja zaidi, kwa sauti yake ile ya kelele.

"Nane, shemeji yangu yupo hapo? Bado mkali?"

Mume wangu akanitazama. Akabonyeza mara mbili.

Mafundi walikuja Jumatatu. Niliwasimamia mwenyewe, mlingoti ukarudi kabla ya bati la mwisho kupigwa msumari. Jumamosi iliyofuata nilikuwa napinda gauni, nangoja kuguswa bega. Sikuguswa. Redio ikaanza kukwaruza nyuma yangu, nikageuka, nikamkuta ameshakaa na maiki mkononi. Nikatazama saa: kumi kasoro robo. Nikatoa mguu kwenye pedali.

"Bado hujaitwa," nikamwambia.

Akabonyeza.